Maji ya Goti

Shule ilinikataa mara mbili kwa sababu ya mkono. Siku hizi mtoto anapelekwa na cheti cha kuzaliwa, lakini enzi zetu kule kijijini Uzaramo cheti ungekitoa wapi? Mwalimu aliwapanga mstari, akakwambia pitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, ushike sikio la kushoto. Ukilishika, una miaka saba, unaandikwa. Usipolishika, rudi kwa mama yako ukanyonye. Ndivyo alivyosema, ukanyonye, na watu wazima wamesimama pale wanasikia.

Mie nina mikono mifupi. Hata leo shati lolote la dukani lazima nikunje. Mwaka wa kwanza vidole viliishia juu kidogo ya sikio, nikarudishwa. Mwaka wa pili viliishia pale pale. Binamu yangu, ambaye nilimtangulia kuzaliwa kwa Ramadhani mbili, akaandikwa, akaniacha naswaga mbuzi. Mwaka wa tatu bibi yangu akanivuta pembeni asubuhi ile, akaniambia, "We mjinga nini? Mkono usipofika kwenye sikio, si ulete sikio?" Basi nikangoja mwalimu ainame kuwasha sigara, nikalaza kichwa kidogo tu upande wa bega, sikio likaja lenyewe. Alipoinua macho nimeshalikamata kama mtu aliyemkamata mwizi. Nikaandikwa.

Yule mwalimu kaingia kaburini hajui. Mkono wangu haukuwa umerefuka hata ukucha. Kichwa ndicho kilichosogea.

Sikusoma mbali, niliishia darasa la tatu, kwa hiyo ukiona nakwenda huku narudi kule, nivumilie. Habari hii ya sikio nilikuwa nimeisahau kabisa. Imenirudia uzeeni, mchana kweupe, nimesimama ndani ya shimo, na shimo lenyewe lipo sebuleni kwangu. Ngoja nieleze lilifikaje pale.

Kazi yangu ilikuwa kuchimba visima. Mjomba ndiye aliyenileta mjini, na nimechimba Mwananyamala yote mpaka Sinza, wakati Sinza ina vichaka na mihogo, kabla ya hizi baa na gesti zilizobanana. Kuna baa moja pale, siitaji, watu wanacheza muziki juu ya kisima changu. Nilikifukia mwenyewe maji yake yalipogeuka chumvi. Mchimbaji akishuka futi kumi anaisoma ardhi kama nyie mnavyosoma gazeti. Huu mchanga ni wa juzi, ulikuja na mafuriko. Huu udongo mweusi ni wa zamani, palikuwa na kinamasi. Hapa watu walitupa taka, hapa walichoma mkaa. Mke wangu alikuwa akisema mie namjua vizuri aliyekufa zamani kuliko jirani aliye hai, na hakukosea sana.

Nilipopata visenti vyangu nikanunua kipande Mwananyamala, bondeni, hatua sitini kutoka mtoni. Mwenzangu yeyote angekimbia. Mie nilipapenda kwa sababu ukichimba futi nane tu umeyafikia maji. Sikufikiri kwamba maji nayo yanaweza kunifikia mie kwa wepesi huo huo.

Mto wetu usiutazame wakati wa kiangazi, utaucheka. Ni kijifereji chenye chupa za plastiki na bata wa watu. Masika ndiyo unakuwa mto. Ndani mwangu umeingia mara tatu. Mara ya kwanza binti yetu alikuwa hajaanza shule. Mara ya pili ni mwaka wa harusi yake, mikeka ya wageni ikaelea kama mitumbwi. Mara ya tatu mke wangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, nilikuwa peke yangu, nimekaa juu ya meza na redio mapajani. Na mara zote tatu, nisikufiche, maji yalinifika gotini. Pajani hayajafika, na kwenye ugoko hayajaishia. Gotini. "Maji ya kwangu ni ya goti," nilikuwaga nawaambia watu, kama mtu anayemsifia mbwa wake kwamba kubweka anabweka, lakini kuuma hamuumi mtu.

Kila yakitoka, tulifanya wanavyofanya watu wote wa bondeni: tulimwaga kifusi. Unaita gari la mabomoko, vipande vya tofali na zege la nyumba ya mtu mwingine, unamwaga ndani, unashindilia, unapiga saruji juu, sakafu imepanda, maisha yanaendelea. Mara ya kwanza tulipandisha kimo cha goti. Mara ya pili hivyo hivyo. Mara ya tatu sikupandisha, mabati yalikuwa yameshakaribia kichwa. Dirisha la sebuleni nikawa nalikalia kama benchi. Mlango niliunyanyua mara moja tu, baada ya hapo anayeingia anainama. Wageni waliokuja kwa posa ya mtoto wa jirani walipotea njia wakaingia kwangu, wakainama mlangoni wote sita, nikadhani ni adabu.

Mke wangu hakukipenda kifusi. "Bwana wee," alikuwa akisema, "cha tatu tutaingia kwa kutambaa, kama kuku wanarudi bandani." Yale mafuriko ya kwanza, maji yalipokwisha kutoka, alichukua nyundo akapigilia msumari wa inchi nne ukutani sebuleni, kando ya mlango wa uani, pale hasa ulipobaki mstari wa tope. Nikamuuliza mbona chini hivyo, unatundika nini? Akasema, "Huu si wa kutundikia. Huu wa kunikumbusha." Kisha akautundikia ufagio wa chelewa, maana hakuwa mtu wa kuacha msumari ukae bure. Mafuriko ya pili, alichora mstari kwa rangi ya kijani iliyobaki kwenye kopo la milango. Ya tatu hakukuwa na wa kuchora. Tope lilichora lenyewe, na mie sikupaka chokaa juu yake. Sijui kwa nini. Nilisikia vibaya tu kulifuta.

Sasa binti yetu anakaa Segerea, juu, kwenye udongo mwekundu. Kila masika ananipigia simu nihamie kwake. Nilikuwa namjibu kwamba ukiwaambia watu unahamia Segerea wanakuuliza umefungwa miaka mingapi, kwa sababu ya lile gereza. Hacheki. Amerithi kwa mama yake, anacheka akitaka yeye.

Basi, mwaka mmoja sio mbali, mjumbe akapita na kipaza sauti kwamba wapo wataalamu wa mto, wasifukuzwe, wanapima bonde lote wachore ramani. Tuliwaona wiki nzima. Mmoja mama wa makamo, mtu wa bara, mwenye lafudhi ya Kihaya, kofia pana na mabuti ya mpira. Mwingine jibaba refu lenye rula ndefu kuliko yeye, imepakwa nyekundu na nyeupe. Mama anachungulia kwenye darubini yenye miguu mitatu, jibaba linasimama na rula kwenye tope, linasogea hatua mbili, linasimama tena. Walivuta kamba kutoka ng'ambo mpaka ng'ambo wakapima kina cha mto kila hatua. Watu wakawacheka. "Mnapima maji ya bata?" Mie sikucheka. Mtu anayeingia mwenyewe kwenye tope namheshimu.

Siku ya tano wakafika kwangu. Jibaba likatangulia, likagonga kichwa kwenye fremu, paa!

"Pole," nikasema, "kila mgeni lazima alipie hapo."

"Hii nyumba alijenga nani, mzee?" akauliza, anajishika paji.

"Mie."

Akanitazama kutoka utosini mpaka miguuni, na si safari ndefu. "Ndiyo maana."

Mama yule akamkata jicho, akaniamkia. "Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Karibuni, inameni."

Akakaa kwenye dirisha langu, akafungua daftari. Akataka kujua maji yalifika wapi.

"Gotini."

"Mwaka gani huo?"

"Miaka yote. Mara tatu yameingia, mara tatu goti."

"Pale pale?"

"Pale pale. Waulize mtaa mzima."

Akasema ameshauliza, na mtaa mzima unasema goti. Nikaona fahari, kama nimeleta mashahidi. Jibaba likasimamisha rula sakafuni, mama akasoma kwa darubini kupitia mlangoni, wakapata kimo cha sakafu yangu, wakaongeza goti langu juu yake. Goti lenyewe walilipima, mie nimesimama nimepandisha msuli.

Nikamuuliza hayo yote ya nini, na kompyuta si wanayo? Akanijibu vizuri, bila kunifanya mtoto. Akasema kompyuta wanaipa upana wa mto, kina chake, mteremko na mvua, halafu inakisia maji yatafika wapi. Lakini inakisia tu. Alama za zamani za watu ndizo zinazoikosoa. Ikikisia goti na watu wakasema kifua, basi kompyuta ndiyo inayodanganya. Nilifurahi sana kusikia kwamba goti langu linaweza kusahihisha kompyuta, mie wa darasa la tatu.

Akanionyesha na rangi. Ramani itakuwa na bluu mbili. Bluu nyepesi ni maji ya goti au chini yake: hapo mtu anaweza kukaa, ainue sakafu, awe macho masika. Bluu nzito ni maji ya kupita goti: hapo haifai mtu kulala.

"Kwangu itakuwa ipi?"

"Kwa maneno haya, nyepesi. Mara tatu pale pale, maana yake mto una kikomo chake."

Nikampigia binti hapo hapo, kabla hawajafika kwa jirani. Nikamwambia, tuweke ahadi. Ramani inakuja. Ikinipa bluu nyepesi, usinitajie tena Segerea mpaka nife. Ikinipa bluu nzito, nabeba redio yangu nakuja bila neno.

"Baba, unasema kweli? Bila neno?"

"Bila neno."

"Naandika tarehe."

"Andika na saa."

Nililala vizuri siku ile. Nyumba nilikuwa nimeshaishinda.

Wiki mbili zikapita, mama akarudi. Safari hii hakucheka alipoinama mlangoni. Akasema, "Baba, kuna kitu hakikai sawa. Mafuriko ya mwisho, goti lako na kompyuta vinasalimiana. Ya kwanza vinagombana kabisa. Kama mwaka ule maji yalisimama hapa kwako kwenye goti, basi pale darajani yalipita juu ya vyuma vya kushikilia. Lakini watu wote wananiambia mwaka ule walivuka daraja kwa miguu, na magunia kichwani."

"Walivuka. Hata mie nilivuka, nimembeba binti mgongoni."

"Sasa baba, kati yako na daraja, mmoja anakosea."

Jirani yangu wa juu alikuwa ameshafika, amesikia sauti. Huyu ni mtani wangu, Mnyamwezi, nyumba yake ipo ngazi tano kupanda kutoka kwangu, na sie Wazaramo na Wanyamwezi tunavyotaniana mnajua, hatuna mpaka. "Mama, usimsumbue," akasema. "Huyu akisema goti, ujue ni goti lake. Kwa binadamu wa kawaida hapo ni kifundo cha mguu."

Nikapandwa na hasira, tena sio kwa mtani, mtani nimemzoea. Kuambiwa nakosea. Maji yale nimesimama ndani yake mwenyewe! Nikasema, "Mie ushahidi ninao. Marehemu mke wangu alipigilia msumari ukutani siku ile ile maji yalipotoka. Njoo nikuonyeshe." Nikaenda kando ya mlango wa uani, nikaonyesha kidole kwenye ukuta.

Hapakuwa na msumari. Palikuwa na mstari wa kijani, chini kabisa, karibu na sakafu, na juu yake mstari wa tope. Nikapapasa chokaa. Kisha nikakumbuka, nikacheka. "Aah, upo chini. Tuliufukia na kifusi."

Mama hakucheka. Aliweka kalamu chini. "Chini kiasi gani, baba?"

"Sijui. Kifusi cha kwanza, halafu cha pili."

"Uliinua sakafu mara mbili?"

"Si kila mtu anainua?"

Akamtazama jibaba, jibaba likamtazama yeye, halafu wote wawili wakatazama mlango ule mfupi uliolitoa nundu. Akasema wakati mwingine angependa, kama sitajali, waone huo msumari. Mie nikasema wakati mwingine wa nini? Sururu ipo, beleshi lipo, na nilikuwa sijachimba kitu tangu mgongo uanze kunisema. Nikavua shati.

Nisikudanganye, ilikuwa siku nzuri. Nilipasua saruji ya juu, jibaba likaomba kusaidia, nikamruhusu abebe ndoo tu. Chini ya saruji kifusi cha pili, nikakitambua kila kipande: vigae vya bluu vya choo cha mtu, zege lenye nondo, kitako cha chupa ya soda. Kisha saruji ya zamani, nyembamba kama chapati. Kisha kifusi cha kwanza, chenye mawe ya matumbawe, maana wakati ule bado nyumba za mawe zilikuwa zinabomolewa. Nikawa naimba. Mtani akakaa kwenye ukingo anakosoa.

"Shimo la nani hili? Mbona mie sijapewa taarifa ya msiba?"

"La kwako. Napima kama tumbo litaingia."

Sasa mila ya watani mnaijua. Kwenye mazishi ya kwetu, mtani anaweza kuruka ndani ya kaburi akalala, akakataa kutoka mpaka wafiwa wamtoe kwa kitu. Yule bwana, na miaka yake sabini na ushee, akavua kandambili, akateremka shimoni, akajilaza chali juu ya kifusi changu, akafumba macho. "Sitoki. Nataka kahawa na kashata."

"Mtani, toka, mama wa watu ana kazi."

"Maiti haisikii."

Ilibidi jibaba liende kwa muuza kahawa barabarani. Mama yule wa Kihaya aliketi kwenye dirisha akacheka mpaka akatoa leso. Tukanywa kahawa wanne, mmoja kalala.

Alipotoka nikamaliza. Beleshi likagonga kitu laini, nikafuta kwa kiganja, nikaona wekundu. Sakafu yetu ya kwanza, ile ya saruji nyekundu, niliyoipiga mwenyewe na mke wangu akaisugua kwa nazi mpaka inang'aa. Bado iling'aa kidogo. Na ukutani, kimo cha goti kutoka pale, msumari wa inchi nne, umevimba kutu, upo.

"Haya!" nikapaza sauti. "Nani muongo?" Nikasogeza goti langu mpaka kwenye msumari. Sawasawa kabisa. "Goti au sio goti?"

"Ni goti, baba," mama akasema. "Hukudanganya."

Lakini alisema kwa upole sana, ule upole wa daktari wa pale hospitali yetu, nikageuka nikautazama ukuta. Nilikuwa nimesimama miguu mitupu kwenye sakafu ya kwanza. Msumari upo gotini. Mstari wa kijani wa mke wangu, wa mwaka wa harusi, ulinikaa juu ya nyonga. Na mstari wa tope, ule wa juzi nilipokaa peke yangu mezani na redio, ulikuwa hapa. Kwapani. Mara zote tatu goti, kwa sababu kila mara nilipanda juu ya kifusi nikapeleka goti juu kuyafuata maji.

Hapo ndipo yule mwalimu aliponijia, na sigara yake.

Mtani, ambaye si mjinga, alikuwa ameshaona kabla yangu, lakini yeye aliona kinyume. "Sasa mama, si afadhali? Ya kwanza yalikuwa chini kuliko ulivyodhani. Mto mpole huu."

"Ingekuwa hivyo kama ungebaki chini," mama akasema. "Mara tatu pale pale, ningesema umefika mwisho wake. Mara tatu, kila mara juu zaidi, haujatuonyesha mwisho. Huko juu wamejenga, maji hayazami tena ardhini, yanakuja yote kwa pamoja. Na huku chini bonde linazidi kubanwa."

Hakusema linabanwa na nini. Mie mchimbaji, sikuhitaji kuambiwa. Nilikuwa nimesimama ndani ya jibu, kifusi kimenizunguka pande nne. Kila nyumba ya mtaa ilikuwa na lundo kama hili chini ya mkeka, na kila beleshi tulilomwaga lilichukua nafasi ya maji, yakasogea kwa mwenzio, mwenzio akaita gari la kifusi.

Nikauliza, "Na bluu?"

"Nikiandika hizi alama tatu kama zilivyo, sidhani kama itabaki nyepesi."

Habari ya ahadi yangu na binti, yule mama alikuwa haijui. Mtani aliijua, mtaa mzima uliijua, nilikuwa nimejisifu. Akainama shimoni, akaninong'oneza, sauti ambayo hata jibaba la mlangoni liliisikia, "Fukia, mtani. Fukia upesi, mama hajaandika bado. Sema msumari sio huo."

Mama akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Alitafuta muda mrefu, mkoba wenyewe mdogo. Sijui kama alikuwa ananipa nafasi au alikuwa anatafuta kweli. Nami nikautazama ule msumari, nikafikiri, ningeweza. Kichwa kidogo tu begani, kama zamani. Wa kunikumbusha, alisema marehemu mwenyewe. Hakusema wa kufukia.

"Andika, mwanangu," nikasema. "Anza na huo wa chini."

Jibaba likashuka shimoni na rula. Wakasoma namba tatu. Karibu na msumari jibaba likapiga nukta ya rangi nyekundu, likaniomba radhi kwa kuchafua ukuta. Nikamwambia ukuta huu umeona makubwa.

Baada ya hapo mama alizunguka mtaa mzima upya, safari hii swali lake la kwanza ni, "Umeinua sakafu mara ngapi?" Nilifuatana naye siku nne, nikiwa na sururu begani. Nilimwonyesha wapi ni ardhi ya kuzaliwa na wapi ni mabomoko ya watu, kwa kugonga tu chini na kisigino. Aliandika kila nilichosema. Sijawahi kuandikwa namna ile. Jioni ya siku ya nne jibaba, ambaye anapanga chumba Sinza na halali kwa muziki wa baa, aliniambia mzee wewe ungesoma ungekuwa bosi wetu. Nikamwambia shida ilikuwa mkono, hakuelewa, sikumweleza.

Ramani ilibandikwa ofisi ya mtaa miezi kadhaa baadaye. Mama alikuja mwenyewe, akanishika kiwiko akanipeleka mbele. Mie kusoma ramani sijui, lakini rangi naziona. Nyumba yangu ilikuwa kiboksi kidogo ndani ya bluu nzito, katikati kabisa, kama punje ya mtama kwenye kikombe. Pembeni yake kuna nukta nyekundu yenye namba. Msumari wa mke wangu. Mstari wa bluu nzito unapanda mtaani, unafika ngazi ya nne, unageuka. Nyumba ya mtani inaanza ngazi ya tano.

"Umeniona?" mtani akanigonga bega. "Mie nipo kwenye nyepesi. Wewe umejichimbia, mie nimekunywa kahawa."

"Angalia ngazi ya tano isije ikateleza."

"Ikiteleza nakufuata Segerea. Tutafungwa wote."

Mama akasema, taratibu, kwamba kwa maneno ya goti tu, mstari ungepita nyuma ya choo changu na hata chekechea waliyotaka kuijenga pale uwanjani ingewekwa chini. Sasa wameambiwa waipandishe juu, karibu na barabara. Nikamwambia vizuri. Na ilikuwa vizuri, sikusema kwa kumridhisha.

Nilimpigia binti. Nikamwambia, "Nzito." Nilitegemea atashangilia, kumbe analia. Nikamwambia acha, mie sijafukuzwa, nimehesabiwa. Jumamosi mumewe akaja na kirikuu, wakapakia kitanda, kabati, sufuria za mama yake. Shimo sikulifukia. Sururu na beleshi nikamwachia mtani, ambaye hajui hata kushika mpini, lakini alisema anataka vya kutundika.

Huku Segerea nimeshazoea. Nasimama wima mlangoni, wiki ya kwanza nilikuwa bado nainama na wajukuu wanacheka. Uani kuna kisima, kimechimbwa vibaya, pete za zege hazikukaa sawa, namwambia mkwe kila asubuhi. Chai inakuja na vitumbua. Mvua ikinyesha nasikiliza bati tu.

Lakini nimalizie ile siku ya kuhama. Nilibaki nyuma mpaka asubuhi ya Jumapili, nikasema nitapanda mwenyewe, kirikuu kilijaa. Nikafagia sebule yote kuzunguka shimo. Nikafunga mlango kwa ufunguo, halafu nikasimama nikijiuliza nafunga nini. Ufunguo nikauacha umening'inia kwenye kitasa. Redio nikaitia kwapani, nikaanza kupanda ngazi. Mtani alikuwa amekaa nje kwake, kwenye ya tano, anapiga mswaki.

"Unakwenda wapi na redio asubuhi yote hii?"

"Naenda mara moja," nikamwambia. "Narudi sasa hivi."

"Pitia kahawa ukirudi."

"Haya."

Nikapanda mpaka barabarani, nikavuka, nikaenda zangu. Sijarudi.